Majembe Yaliyozaliwa Kichuguuni

Juu ya nyanda za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa, bado yapo mabaki ya minara ya udongo iliyosimama porini, minene kitakoni na myembamba juu, imepasuka hapa na pale, na nyasi zimeota mdomoni mwake. Mgeni anayepita hudhani ni vichuguu vilivyokufa. Hajakosea sana. Kila mnara ni ilungu, tanuru la Wafipa la kuyeyushia chuma, na udongo uliojengewa ulichimbwa kichuguuni.

Ilungu lilifika urefu wa mita 3 hivi, na mahali pa kulijenga hapakuchaguliwa ovyo. Ilitakiwa miti migumu ya kuchoma mkaa, mawe ya chuma yasiyo mbali, na kichuguu kikubwa cha kutoa udongo wa kuta. Halikuhitaji mivukuto. Matundu yaliachwa kuzunguka kitako, mirija ya udongo ikapenyezwa humo, na moto ulipopanda ulijivutia hewa wenyewe, kama utambi wa taa iliyovikwa chemni. Mkaa na mawe ya chuma vilipangwa kwa tabaka, na moto uliachwa uwake kwa siku kadhaa. Bonge lililotoka lilikuwa bado limejaa mavi ya chuma, kwa hiyo likapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambako mivukuto ilifanya kazi ya kulisafisha. Ndipo mhunzi akapokea chuma chake na kufua jembe.

Jembe hilo lililima, likalipa mahari, likavuka mipaka ya Ufipa kwenda kwa majirani. Uyeyushaji wenyewe ulikuwa na miiko ya uzazi. Wanaume waliokuwa kazini walijitenga na wake zao hadi moto uzime. Tanuru lilikuwa bibi harusi, na chuma ni mtoto wake. Wanaanthropolojia wameandika kurasa nyingi juu ya bibi harusi huyo na wahunzi waliomhudumia. Aliyemfinyanga wamempa nafasi ndogo zaidi, ingawa bila yeye kuta zingepasuka kabla mkaa haujashika moto vizuri.

Mfinyanzi huyo ni mchwa, na kazi yake inafaa kutazamwa kwa karibu. Mchwa mfanyakazi wa vichuguu vikubwa, wa jenasi ambayo wataalamu huiita Macrotermes, hafiki urefu wa ukucha wa kidole gumba. Hana macho. Hushuka kupita udongo wa juu ambao jembe la mkulima huufikia, akaendelea kushuka, na kiangazi kinapokaza huweza kuyafuata maji kwa zaidi ya mita 10. Huko chini huchota kwa taya chembe laini za mfinyanzi na mchanga mwembamba. Changarawe huiacha, kwa kuwa haibebeki kinywani. Huviringisha kidonge, hukilowesha kwa mate, hupanda nacho, hukibandika mahali pake, hukikandamiza kwa kichwa, kisha hugeuka kurudi. Kidonge kimoja ni kidogo kuliko punje ya mtama. Kichuguu kinachomzidi mtu kimo kimejengwa kwa vidonge vya namna hiyo tu.

Kwa hiyo fundi wa Ufipa aliyekwenda na jembe lake kuchimba kichuguu hakuwa anachota udongo wa kawaida. Alichukua udongo uliokwisha kuchekechwa, ukakandwa, ukashindiliwa na kukaushwa na maelfu kwa maelfu ya vibarua wasiolipwa. Una mfinyanzi mwingi kuliko ardhi inayouzunguka, hausinyai ovyo, na ukipata moto haukimbilii kupasuka. Mtu wa kiwandani leo angeuita malighafi iliyoandaliwa nusu.

Kuna jambo jingine kuhusu eneo hilo ambalo wahunzi wa zamani hawakuwa na namna ya kulijua. Upande wa kusini wa Bonde la Rukwa, karibu na Mbeya, miamba ya Songwe imehifadhi mabaki ya viumbe wa miaka milioni 25 iliyopita. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza kutoka miamba ya hapo kisukuku cha Rukwapithecus, mmoja wa masokwe wa kale zaidi kupata kujulikana. Miaka mitatu baadaye, 2016, ikaja habari ambayo haikupigiwa kelele nyingi lakini inastaajabisha zaidi: katika miamba ya bonde hilohilo vimepatikana viota vya mchwa vilivyogeuka jiwe, na ndani yake bustani za kuvu zikiwa bado mahali pake. Ndiyo mashamba ya kale zaidi ya mdudu yeyote kupata kuonekana kwa macho.

Neno shamba hapa si mapambo ya lugha. Mchwa hawa hawana uwezo wa kumeng'enya vizuri miti na nyasi kavu wanazozikusanya. Hutafuna, humeza, hutoa kinyesi ambacho miti iliyomo bado haijameng'enywa, na kwa kinyesi hicho hujenga sega laini lenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi. Juu ya sega huota kuvu aina ya Termitomyces, asiyeishi popote pengine duniani. Kuvu huvunja ule ugumu wa mti. Sega likizeeka limekuwa chakula, na mchwa hulila kuanzia chini huku wakiongeza jipya juu. Binadamu ana miaka elfu kumi na kitu tangu aanze kulima. Mchwa wa Rukwa walikuwa wanapalilia masokwe wakiwa ndio kwanza wanaachana njia na nyani.

Wafipa hawakuwa peke yao. Kaskazini, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria, Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma tangu takribani miaka 2,000 iliyopita. Tanuru lao lilianza kwa shimo lililosiribwa tope la kichuguu, na juu ya shimo kikajengwa kibomba cha mabonge ya mavi ya chuma ya zamani yaliyogandishwa kwa tope hilohilo. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya warudie kazi hiyo. Walikuwa hawajaifanya kwa takribani nusu karne, kwa sababu majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliuzwa rahisi na kuua ufundi huo kote, Buhaya na Ufipa pia. Majaribio ya kwanza hayakwenda vizuri. Mikono ilikuwa imesahau kidogo. Hatimaye chuma kikatoka. Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali, walichapisha matokeo mwaka 1978 katika jarida la Science, wakisema joto ndani ya tanuru lilipita sentigredi 1,800, kwa kuwa hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kuingia. Wapo wataalamu waliobisha, wakidai hesabu hiyo imetiwa chumvi. Mabishano hayo yanahusu joto na mirija. Kuhusu kuta hakuna aliyebisha: tope la kichuguu lilistahimili.

Ni ajabu kidogo kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwa kirefu kuhusu mchwa kama wajenzi wa ardhi ya Afrika alipita nyanda za jirani, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na hakuwa mtaalamu wa wadudu. Henry Drummond alikuwa Mskoti, mhubiri na mwalimu wa sayansi, aliyetumwa mwaka 1883 na kampuni ya biashara ya maziwa makuu akachunguze nchi. Kichwani alikuwa na kitabu kipya. Mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa, Charles Darwin alikuwa amechapisha utafiti wake juu ya nyungunyungu, akionyesha kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo hupita matumboni mwa wanyama hao kila mwaka katika ekari moja. Drummond akafika Afrika na kuanza kutafuta nyungunyungu. Hakuwaona. Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu kama sakafu. Nani basi anaipindua?

Jibu alilipata kwenye magome ya miti. Kila asubuhi aliona miti imevikwa koti la udongo mwekundu, vijia vilivyofunikwa ambavyo mchwa hupanda navyo kwenda kula matawi makavu bila kuonwa na jua wala maadui. Mvua ikinyesha koti hilo huanguka, husambaa, huzolewa na vijito hadi mitoni. Katika kitabu chake cha mwaka 1888 kuhusu Afrika ya tropiki, Drummond alitoa hoja kwamba kazi ambayo nyungunyungu huifanya Uingereza, Afrika hufanywa na mchwa. Hoja hiyo ilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, na aliisukuma mbali kuliko ushahidi wake, kama wahubiri wafanyavyo. Hata hivyo aliona jambo ambalo wapita njia wengi wa Kizungu hawakuliona. Kwao mchwa alikuwa mla masanduku, mla vitabu na mla nguzo za nyumba, basi.

Lugha yao pia iliwapotosha, maana walimwita mchwa siafu mweupe. Mchwa si ndugu wa siafu wala wa sisimizi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulimweka moja kwa moja katika ukoo wa mende: ni mende aliyeamua kuishi kijamaa. Siafu ni adui yake, na hakuna vita porini inayofanana na siku wanapoingia kichuguuni. Kiswahili hakikuwachanganya hao. Kilichofanya ni kumpa mdudu mmoja majina mawili kwa kadiri ya kazi yake: akiwa anakula mlango ni mchwa, akiota mbawa na kuruka baada ya mvua ni kumbikumbi, na hapo hugeuka kitoweo.

Nusu karne baada ya Drummond, sayansi ya udongo ilikuwa imepata makao Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kwenye kituo ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 na Waingereza wakakirithi. Hapo alifanya kazi Geoffrey Milne. Katika miaka ya 1930 alizunguka Tanganyika akichimba mashimo, akatoa ramani ya udongo ya Afrika Mashariki mwaka 1936, na akaipa dunia neno ambalo wanafunzi wa kilimo wanalikariri hadi leo: katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Alichotaka kusema ni kwamba udongo wa mlimani, wa mteremko na wa bondeni umeshikana kama pete za mnyororo mmoja, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Wasukuma walikuwa na majina ya pete hizo kabla yake: luseni huko juu kwenye kichanga, itogolo katikati, mbuga kule chini kwenye udongo mweusi unaonata. Mkulima wa Shinyanga hakuhitaji Kilatini kujua apande wapi mtama na wapi mpunga.

Vichuguu vilimsumbua Milne. Vingine vilikuwa na vinundu vya chokaa ndani, ilhali udongo unaovizunguka ni chachu na hauna chokaa hata chembe. Imetoka wapi? Wengine walidhani mchwa wanaikusanya kutoka kwenye majani wanayokula. Mwaka 1955 mkemia P. R. Hesse, aliyepima udongo wa vichuguu vingi vya Afrika Mashariki, alionyesha kwamba sifa za kichuguu hufuata udongo wa chini unakotoka, na kwamba chokaa huletwa zaidi na maji ya ardhini yanayopanda na kukauka ndani ya kuta. Kichuguu, kwa maneno mengine, ni sampuli ya tumbo la nchi iliyowekwa juani. Watafutaji wa madini walilijua hilo. Botswana, nchi iliyofunikwa na mchanga wa Kalahari, wachunguzi wa almasi walichambua udongo wa vichuguu wakitafuta chembe za madini yanayofuatana na almasi, ambazo mchwa walizipandisha kutoka chini ya mchanga.

Wakati wataalamu wakijadili chokaa, watu waliendelea kuchota. Matumizi ya udongo huu nyumbani ni mengi kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuyaandika. Wabemba, walio kusini mwa Wafipa, walitumia vichuguu vidogo vigumu kama mafiga. Sakafu za nyumba zilipigwa kwa udongo wa kichuguu na kulainishwa kwa samadi. Kuta zilikandikwa kwa udongo huo, na maghala yakasiribwa nao ili panya wasipate pa kuingilia. Walowezi walipofika wakauponda na kuumwaga kwenye viwanja vyao vya tenisi, kwa kuwa hakuna kilichokauka sawasawa kama huo.

Wajawazito waliula, na wanaula bado. Magharibi mwa Kenya watafiti wa miaka ya 1990 waliwakuta hata watoto wa shule wakila udongo kila siku, na kichuguu kikiwa miongoni mwa machimbo wanayoyapenda. Masokoni Tanzania udongo wa kula huuzwa ukiwa umekaushwa, na huitwa pemba. Madaktari huonya juu ya mayai ya minyoo yaliyomo, na upungufu wa damu unaohusishwa na minyoo hiyo una jina lake la kale la Kiswahili, safura, ambalo Livingstone aliliandika katika shajara zake mwaka 1870, akilitaja kuwa ni ugonjwa wa wala udongo. Onyo ni la kweli. Mabonge yanaendelea kununuliwa.

Halafu kuna usiku wa kumbikumbi. Mvua za kwanza zinapopiga kusini, kwenye Novemba au Desemba, jioni yake hewa hutulia na ardhi hutoa harufu. Mchwa wafanyakazi hutoboa kichuguu kutoka ndani, askari wenye vichwa vyekundu husimama kwenye kingo za matundu huku taya zimeachama, na nyuma yao kumbikumbi husukumana kutoka, mbawa zikiwa bado zimenyooka mgongoni kama karatasi mbichi. Mwenye kichuguu ameshachimba kishimo mbele ya tundu na kukifunika kwa majani au turubai, akaacha mwanya upande wenye mwanga. Kumbikumbi hukimbilia mwanga na kuporomokea shimoni. Mwenye kichuguu, ndiyo, maana sehemu nyingi, Buganda ikiwa mfano maarufu, kichuguu kina mwenyewe, kinarithiwa, na kukitegea bila ruhusa ni wizi kama wizi wa mbuzi. Magharibi mwa Kenya mafundi hawangoji hata mvua: hupiga vijiti juu ya kichuguu kwa mwendo wa matone, na wadudu, wakidhani imenyesha, hutoka.

Kinachofuata ni cha kina mama na ungo. Kumbikumbi hukaangwa kwenye kikaango kikavu bila mafuta, kwa sababu wanayo yao ya kutosha, wakitiwa chumvi kidogo. Kisha hupepetwa, mbawa zikaruka na upepo na kutapakaa ua mzima. Walaji wa mjini huwanunua kwa kopo. Uyoga wa kichuguu hufuata baada ya siku chache za mvua. Huo ni ule kuvu wa shambani kwa mchwa unaochomoza nje kutoa mbegu zake. Aina moja, iliyotambuliwa rasmi kutoka Zambia mwaka 1980, ina kofia inayoweza kufikia mita moja kwa upana. Mtoto hujikinga nayo mvua.

Ukivuka Ziwa Tanganyika kwenda magharibi hadi Katanga, vichuguu hubadilika ukubwa. Kuzunguka Lubumbashi, mji unaoongea Kiswahili chake wenyewe, kuna vilima vya mchwa vyenye urefu hadi mita 8 na upana unaopita mita 15, na kila hekta ya miombo hubeba vitatu hadi vitano. Huko pia udongo huo ulizaa metali. Wayeyushaji wa shaba wa Katanga walijenga matanuru madogo kwa mabonge ya kichuguu, na shaba iliyotoka ilimiminwa katika umbo la msalaba na kusafiri kama fedha. Ni shaba hiyo, pamoja na pembe za ndovu, iliyomvuta Msiri kutoka pande za Unyamwezi katikati ya karne ya 19, akajenga dola yake Bunkeya na kuitawala biashara hiyo hadi alipouawa na Wazungu Desemba 1891.

Umri wa vilima hivyo ulikuwa wa kukisia tu hadi watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Ghent walipovikata kama keki na kupima kaboni ndani yake. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Kimoja, ambacho mchwa walikwisha kukihama, kilikuwa na zaidi ya miaka 2,000 kitakoni mwake. Malkia mmoja haishi hivyo. Umri wake huhesabika kwa miaka kumi na kitu, akiwa amelala gizani na kutaga maelfu ya mayai kwa siku. Familia moja ikifa nyingine huingia, hukarabati, huongeza. Ina maana kwamba kichuguu ambacho watoto wa Lubumbashi wanatelezea mgongoni mwake huenda kilianza kujengwa yapata wakati Wahaya walipokuwa wanawasha matanuru yao ya kwanza.

Mji huo ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya migodi umevimeza vingi. Kichuguu kimoja kikubwa kinatosha kutoa matofali ya nyumba, na mara nyingi hujengwa papo hapo: wafyatuaji huanza upande mmoja, hukata, hukanyaga tope, hufyatua, hupanga tanuru la kuchomea, na mwisho nyumba husimama pale kilipokuwa kilima. Huu ni uchumi usio na hasara, wangesema wao. Hata hivyo ni vigumu kutoona kwamba kitu kilichochukua miaka elfu mbili kinamalizika kwa kiangazi kimoja.

Shambani hali ni nyingine. Wakulima wa ukanda wote wa miombo, kuanzia Ufipa hadi Zambia na Zimbabwe, hupenda kupanda mahindi, maboga, bamia au tumbaku juu ya kichuguu au kando yake, na wengine huuchimba udongo wake na kuusambaza shambani mahali pa mbolea. Wanajua kwamba una rutuba iliyoletwa kutoka chini ambako mizizi ya mahindi haifiki. Miti nayo imelijua hilo. Katikati ya miombo, mkwaju ukionekana peke yake na kivuli chake kizito, mara nyingi chini yake kuna kichuguu: udongo ni mzuri, maji ya masika hayatuami, na moto wa nyika hupita pembeni. Mhanga huja kuchimba usiku, na shimo lake likiachwa hurithiwa na nguchiro, kenge au nyoka. Mtu akihesabu wote wanaoishi kwa mgongo wa kichuguu kimoja, mkulima ni mmoja tu wa wapangaji.

Mashamba makubwa ya trekta hayapendi wapangaji. Kichuguu kinasumbua mashine ya kupandia, kinapoteza mstari, kinavunja jembe la sahani, na kwa hiyo tingatinga huletwa mapema, kabla ya kung'oa visiki au mara baada yake. Husawazishwa kwa siku chache tu. Anayedhani kwamba habari imeishia hapo atazame picha za setilaiti za mashamba ya Katanga baada ya mvua za kwanza. Vichuguu havipo tena, lakini katikati ya mistari iliyonyooka ya mahindi bado yanaonekana madoa ya mviringo ya rangi tofauti, yaliyoachana kwa umbali unaokaribia kulingana.